Jua la Tabora Huchelewa

Mji ni kama mtu. Ukitaka kumjua mtu vizuri, usimtazame siku ya sherehe, amekwisha kuoga na kuvaa, amekaa barazani na maneno yake ameyapanga. Mtazame anapoamka. Mji nao ikifika saa 3 asubuhi umekwisha kuvaa nguo zake: maduka yamefunguliwa, makarani wako mezani, magari yanapiga honi. Mgeni akiingia saa hiyo atauona mji uliojitayarisha kuonwa. Lakini kati ya jogoo la kwanza na macheo mji bado haujajua kama kuna mtu anayeutazama.

Wazee walioijenga lugha yetu waliyajua mambo haya. Angalia, ndugu msomaji, jinsi Kiswahili kilivyojaa majina ya vipande vya asubuhi: majogoo, alfajiri, mapambazuko, macheo, na baadaye mafungulia ng'ombe. Mchana wote hauna majina mengi kiasi hicho. Penye majina mengi pana shughuli nyingi, kama vile mfugaji alivyo na majina mengi ya rangi za ng'ombe ambazo mimi na wewe tungeziita nyeusi au nyekundu tu, tukanyamaza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomea kazi katika Chuo cha Ualimu Tabora, nikafundisha katika wilaya mbalimbali za mkoa huu, na nilipofikisha miaka 60 nilikuwa mwalimu mkuu. Sasa umri wangu umepita 70, naishi hapa Kitete. Mwili uliozoea kuamka saa 10 alfajiri kwa miaka mingi hausomi barua ya kustaafu. Daktari naye, baada ya kunipima sukari, aliniambia nitembee kila siku. Basi nimekuwa mtembezi wa alfajiri, na katika kutembea huko nimejifunza juu ya mji huu mambo ambayo sikuyapata darasani.

Niwaambie kwanza yaliyopo Kitete wakati wa majogoo. Hapa ndipo ilipo hospitali ya mkoa, na karibu na hospitali hakuna usiku kamili. Saa 10.30 wako akina mama nje ya lango, wamejifunika khanga mpaka kichwani, kila mmoja ana kikapu chake na ndani ya kikapu chupa ya uji. Wameamka saa 9 kuukoroga ili mgonjwa aunywe ungali wa moto kabla daktari hajapita wodini. Hawasemi sana. Mmoja akifika husema "Mwangaluka", na wengine huitikia "Mwangaluka". Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi, sisi Wanyamwezi na ndugu zetu Wasukuma, na ukiisikia mahali pale, katika giza lile, unajua kwamba si maneno matupu. Kuamka ni jambo la kushukuru, na katika wodi zile si kila mtu ameamka.

Kutoka hapo hushuka kuelekea mjini. Adhana ya alfajiri hunikuta njiani, na baada yake kengele ya kanisa. Muuza kahawa amekwisha kuwasha mkaa chini ya birika lake, na wazee watatu wanne wamekaa kwenye benchi. Kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata, ndiyo gazeti la kwanza la mji. Nani amefiwa, mazishi ni saa ngapi, mvua imenyesha wapi, gunia la mahindi ni kiasi gani. Yote haya huelezwa pale kabla redio haijafika kwenye habari. Mimi kwa ajili ya sukari huikosa kashata, lakini habari siikosi.

Kisha huja baiskeli. Mtu asiyeijua Tabora alfajiri hawezi kujua uzito wa baiskeli. Huja kutoka upande wa misitu, moja nyuma ya nyingine, na juu ya kila moja magunia ya mkaa yamepangwa mpaka yanampita kimo mwenye kuisukuma. Maana hapandi, anasukuma, bega moja limeegemea mzigo, na ametoka kwao usiku wa manane. Wengine wameleta maziwa katika madumu, wengine asali katika ndoo, wengine kuni. Mvua za kwanza zikianguka huja vijana na akina mama wenye mabeseni ya uyoga wa porini, nao huwahi kuliko wote, kwa kuwa uyoga haungoji jua. Na ukienda sokoni utayakuta michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo husemwa kuwa ndivyo vilivyoupa mji huu jina lake. Saa 12 ikifika mkaa umekwisha kugawanywa kwenye makopo, na mama wa chapati amekwisha kuwasha moto wake kwa mkaa huo huo uliofika kwa baiskeli.

Nikiitazama misafara hiyo ya baiskeli nakumbuka misafara mingine. Mji wetu ulizaliwa na mizigo. Zamani uliitwa Kazeh, na ulikuwa kituo kikubwa katika njia itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika hapa mwezi Novemba mwaka 1857 wakakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga nyumba na bustani. Huko ndiko vilikopita vitambaa vya merikani, shanga na masango kuja bara, na pembe za ndovu na watumwa kwenda pwani. Tusiisahau sehemu hiyo ya mwisho tunapojivunia historia. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliojiajiri kwa ujira, na sifa yao ilienea pwani nzima. Mtu mmoja alibeba frasila 2, yaani kama kilo 32, kwa safari ya miezi mitatu au zaidi, akivuka Mgunda Mkali ambako maji yalikuwa ya kutafuta.

Na misafara hiyo ilikuwa na saa yake. Jogoo likiwika watu huamka, moto huchochewa, baragumu hupigwa, mizigo hubebwa, na kunapopambazuka msafara uko njiani. Sababu ni nyepesi: kilo 32 kichwani wakati wa alfajiri ni kilo 32, lakini saa 6 mchana ni zaidi. Kwa hiyo walitembea katika baridi ya asubuhi, na jua likiwa kali walitua. Hata David Livingstone alilazimika kuifuata saa ya wapagazi. Stanley alipomwacha pale Kwihara, kilomita chache kutoka hapa mjini, mwezi Machi mwaka 1872, mzee yule alikaa mpaka Agosti akingoja wapagazi waletwe kutoka pwani. Alikuwa na vitu na alikuwa na nia. Bila watu wa kubeba, asingeweza kwenda popote.

Wazee husema miembe mingi tunayoiona ikifuatana na njia za zamani ilitokana na misafara hiyo. Hata leo, msimu wa maembe, alfajiri utawakuta watoto chini ya miembe wakiokota yaliyoanguka usiku.

Nimewataja watoto, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Katika darasa la jiografia tulikuwa tukifundisha kwamba dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24. Kwa hiyo nyuzi 15 ni saa moja, na uzi mmoja ni dakika 4. Mwanafunzi huandika, hupata vema, halafu husahau. Lakini hesabu hiyo ndogo ndiyo inayotawala asubuhi ya Tabora. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na kitu mashariki. Tabora iko karibu na nyuzi 33. Tofauti ni zaidi kidogo ya nyuzi 6. Zidisha kwa 4, utapata dakika kama 25. Maana yake ni kwamba jua linapochomoza Dar es Salaam, sisi huku bado tuna karibu nusu saa ya kulingoja, na ndugu zetu wa Kigoma wana zaidi ya nusu saa. Lakini saa ya ukutani ni moja nchi nzima, na mstari ambao saa hiyo imewekwa juu yake ni nyuzi 45, ambao haupiti Tanzania hata kidogo. Uko huko karibu na Mogadishu.

Mwezi Novemba jambo hili halionekani sana, kwa kuwa jua la Tabora huchomoza karibu saa 12.25. Lakini katikati ya Februari, na tena mwezi Julai, huchomoza dakika chache tu kabla ya saa 1. Fikiri maana yake. Sisi Waswahili tunahesabu saa kutoka mapambazuko. Saa 1 maana yake mchana umekwisha kuwa na umri wa saa nzima. Lakini mwezi Julai hapa kwetu, saa 1 jua ndiyo kwanza linazaliwa. Inasemwa kwamba watu wa pwani walituita Wanyamwezi kwa kuwa tunatoka upande wa magharibi, kule mwezi mwandamo unakoonekana. Basi watu wa upande wa mwezi wasishangae jua likichelewa kuwafikia.

Mpagazi hakusumbuliwa na jambo hili, maana saa yake ilikuwa jogoo na mwanga wenyewe. Saa ya ukutani ilikuja na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912. Treni haiwezi kungoja jogoo la kila kijiji. Ni lazima stesheni zote zisome saa moja, ama sivyo zitagongana. Hiyo ni haki yake. Ofisi zikaifuata, kisha shule. Mimi sina ugomvi na saa moja ya taifa. Nchi kubwa kama China nayo ina saa moja tu rasmi, na huko magharibi yake, Xinjiang, watu wengi huendesha shughuli zao kwa saa nyingine isiyo rasmi, iliyo nyuma kwa saa 2. Jirani zetu wa Kongo wamegawa nchi yao katika saa mbili, na hata hivyo mtu akivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kalemie hurudisha saa yake nyuma kwa saa nzima, ingawa jua ni lile lile.

Tatizo langu ni mtoto wa darasa la pili. Shule nyingi humtaka awe amefika kabla ya saa 1.30, na siku ya zamu ya usafi mapema zaidi. Kama anakaa mbali, hutoka nyumbani saa 12 au saa 12.15. Mwenzake wa Dar es Salaam mwezi Julai akitoka saa hiyo, kwake kumeanza kupambazuka. Wa Tabora hutoka gizani kabisa. Nami katika matembezi yangu niliwaona: vivuli vidogo vyenye mashati meupe, wawili wawili, fagio mkononi au dumu la maji, wakifuata ukingo wa barabara ile ile wanayopita wasukuma mkaa, bajaji na bodaboda.

Mwezi Julai, miaka mitatu iliyopita, mtoto wa mtaa wetu aligongwa na pikipiki isiyo na taa alipokuwa akivuka kwenda shule. Alivunjika mguu. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma. Nilisikia kishindo kabla sijaona chochote. Tulimbeba kwa mikono, na kwa bahati Kitete hospitali ni jirani. Alipona, sasa anacheza mpira, ingawa ukimtazama vizuri anapokimbia utaona. Kijana mwenye pikipiki hakukimbia. Alikaa chini kando ya barabara akilia. Hata yeye alikuwa ametoka kwao saa 10 kutafuta abiria wa kwanza.

Baada ya hapo nilizungumza na wazee wenzangu pale kwenye kahawa. Mmoja wao, ambaye namheshimu, alinipinga. Alisema, "Mwalimu, babu zetu walitoka gizani na pembe za ndovu kichwani, wakafika pwani. Hawa wanabeba madaftari. Waache wakomae." Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini nilimjibu kwamba katika misafara hakuna mpagazi aliyetolewa gizani peke yake. Mbele yao alitembea kirangozi, aliyejipamba kichwani ili aonekane, na ilikuwa kosa la kutozwa faini mpagazi kumpita. Yeye aliijua njia, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukanyaga mahali ambapo wengine hawajaona. Sasa hawa watoto wetu, kirangozi wao ni nani? Mzee alinyamaza, akamaliza kahawa yake. Kesho yake alikuja na tochi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hatuna chama, hatuna mwenyekiti, hatujaandikishwa popote. Tuko wazee wanne na mama mmoja muuza vitumbua. Kila asubuhi ya siku ya shule, katika miezi ya giza, kuanzia saa 11.45 kila mmoja husimama kwenye njia panda yake na tochi, amevaa kitu cheupe. Watoto hukusanyika kwetu, tunawavusha kwa makundi, halafu tunawaacha waende pamoja. Wametupa jina, wanatuita akina Babu Tochi. Wenye bodaboda, ambao baadhi yao niliwafundisha darasa la nne, hupunguza mwendo wakasema "Shikamoo mwalimu", nami huwaitikia "Marahaba, washa taa." Kijana mmoja sasa huweka pikipiki yake kando ya njia panda, taa ikimulika barabara, mpaka kundi la mwisho livuke. Abiria wake wamezoea kumngoja.

Hata hivyo, wazee wenye tochi hawatoshi mkoa mzima, sembuse Kigoma, Katavi na Rukwa. Ninalopendekeza ni dogo na halina gharama. Katika miezi ambayo jua huchelewa, shule za msingi za mikoa ya magharibi zianze nusu saa baadaye na kufunga nusu saa baadaye. Mchana wetu hauibiwi; unasogezwa tu. Jioni jua la Tabora huchelewa kuzama vilevile, kwa hiyo mtoto atarudi nyumbani kungali kweupe. Wapo watakaosema wazazi wanawahi kazini na hawana wa kumwachia mtoto. Ni hoja ya kweli. Basi yule anayelazimika kumtoa mapema amlete, na darasa moja lifunguliwe na mwalimu wa zamu awepo, lakini asiyelazimika asilazimishwe. Na pale ambapo nusu saa haiwezekani, angalau zamu za usafi zihamishiwe mchana. Vumbi linalofagiwa gizani hubaki lile lile, maana anayelifagia halioni.

Nusu saa, mtu atasema, ni kitu gani? Mimi niliyekuwa nikigonga kengele kwa miaka mingi najua nusu saa ni kitu gani. Ni mtoto kunywa uji wake ameketi badala ya kuondoka na njaa. Ni dereva kuona shati jeupe hatua 50 mbele badala ya hatua 5.

Macheo yakifika kazi yetu imekwisha. Jua la Tabora likishatoka halina haya. Hupanda haraka, miembe hupata vivuli, vumbi la barabara huwa la dhahabu kwa dakika chache, kisha huwa vumbi tu. Akina mama wa hospitali hutoka na chupa tupu, na kwa nyuso zao unajua mgonjwa ameamkaje. Msukuma mkaa amepanda baiskeli yake sasa, nyepesi, anarudi kwao akipiga mluzi. Upande wa stesheni, ikiwa ni siku ya treni, wapagazi wa leo wako tayari na maguta yao kwenda kuipokea mizigo. Tunaambiwa reli mpya ya kisasa, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, itafika na huku kwetu. Tunaingoja kwa hamu. Itatufikisha Dar es Salaam kwa saa chache, lakini haitaweza kuzisogeza nyuzi 6 zilizo kati yetu.

Wanangu wawili wako huko Dar es Salaam. Kila likizo hunisihi nihamie kwao; nyumba ina nafasi, hospitali ziko karibu, wajukuu wananitaka. Ni watoto wema, na maneno yao si mabaya. Nawaambia nitakuja kuwatembelea mwezi Novemba, wakati jua la Tabora linapowahi. Julai na Februari nina kazi.

Saa tumepewa moja sisi sote, nasi tutaifuata. Lakini giza hili la asubuhi ni la kwetu peke yetu, na tusimngoje mtu wa mbali, ambaye kwake kumekwisha kucha, aje kutumulikia. Msomaji wangu, kama unaishi upande huu wa nchi na usingizi umepungua kama wangu, kesho toka saa 11.45, simama kwenye njia panda ya karibu, uwashe tochi. Utaamkiwa na watoto wengi kuliko ulivyoamkiwa mwaka mzima.